Nyuzi za mimea ndani ya plastiki inayooza: tunajibu maswali yenu

Barua zilizotufikia safari hii zinahusu kazi ya aina moja, kuchanganya nyuzi za mimea na plastiki zinazooza, hasa PLA, ile inayotengenezwa kwa asidi ya laktiki itokanayo na wanga au sukari. Wengi mnauliza uzi upi ni bora kuliko wote. Swali hilo tutalijibu, lakini kwa maoni yetu yapo mambo mawili yanayotangulia: maji yaliyojificha ndani ya uzi, na jinsi plastiki inavyoushika uzi huo. Mchanganyiko mwingi unaoharibika huharibikia hapo.

SWALI: Nimechanganya katani asilimia 20 kwa uzito na PLA asilimia 80. Katani niliikata vipande vya milimita 10, nikavipitisha pamoja na punje za PLA kwenye ekstruda (mashine ya skrubu inayoyeyusha plastiki na kuisukuma nje), kisha nikatengeneza vipande vya majaribio kwa kushindilia kwenye kalibu. PLA tupu ilikatika kwa megapaskali 60, mchanganyiko wangu umekatika kwa 44. Nilitarajia nyuzi ziongeze nguvu. Nini kimetokea? (Mwanafunzi wa uhandisi)

JIBU: Kabla hujabadilisha chochote, kitazame kipande kilichokatika. Lenzi ya kukuza mara kumi inatosha. Ukiona nyuzi zimechomoka nzima, zimetoka safi bila chembe ya plastiki, na upande wa pili yamebaki matundu yenye umbo lake, plastiki haikuzishika. Ukiona mapovu ya mviringo yametapakaa hata mahali pasipo na uzi, tatizo ni maji. Ukiona nyuzi zimerundikana sehemu moja huku kwingine kukiwa na plastiki tupu, uchanganyaji haukutosha. Kwa kawaida utayaona yote matatu, lakini moja litakuwa limezidi mengine, na hilo ndilo la kuanza nalo.

Kisha pima densiti. Katani ina takriban gramu 1.45 kwa sentimita moja ya ujazo, PLA ina 1.24. Katika kilo moja ya mchanganyiko wako zimo gramu 200 za katani, ambazo huchukua sentimita za ujazo 138, na gramu 800 za PLA, ambazo huchukua 645. Jumla ni 783, kwa hiyo kipande kisicho na tundu lolote kinapaswa kuwa na densiti ya 1.277. Pima chako kwa kukining'iniza kwenye mizani ukiwa umekizamisha majini, haraka kabla hakijaanza kunywa. Ukipata 1.20, asilimia 6 ya kipande hicho ni hewa, na kipande chenye hewa kiasi hicho hakiwezi kushindana na PLA tupu hata ukibadilisha uzi mara ngapi.

Hewa hiyo imetoka wapi? Katani iliyokaa wazi hubeba maji karibu asilimia 10 ya uzito wake. Gramu zako 200 ziliingia kwenye mashine na gramu 20 hivi za maji. Kwenye joto la digrii 180 za Selsiasi, maji hayo hugeuka kuwa mvuke wa lita 40 hivi kwa mgandamizo wa kawaida wa hewa, ndani ya mchanganyiko ambao wenyewe haujai hata chombo cha lita moja. Sehemu kubwa hutoka kwenye tundu la hewa la mashine. Inayobaki ndiyo mapovu utakayoyaona kwa lenzi. Dhara la pili halionekani kwa macho: maji ya moto hukata minyororo ya PLA yenyewe, yaani molekuli zake ndefu. Plastiki inatoka ikiwa nyepesi kutiririka na rahisi kuvunjika, nawe unaisingizia katani.

Kwa hiyo kausha vyote viwili. Punje za PLA zilizokwisha kuganda kifuwele, yaani molekuli zake zimejipanga kwa utaratibu (zile nyeupe zisizopitisha mwanga) zikaushwe kwa digrii 80 kwa saa nne au zaidi, kwa hewa kavu, mpaka maji yabaki chini ya gramu 0.25 kwa kilo. Punje ang'avu zisipelekwe kwenye joto hilo, zitagandana na kuwa bonge moja. Zikaushwe kwa digrii 45 hadi 50, na muda uongezwe sana. Katani itandazwe tabaka jembamba ndani ya oveni ya digrii 105, ipimwe uzito kila saa, na itolewe pale vipimo viwili vinavyofuatana vitakapolingana. Usiiweke mezani ipoe. Itie kwenye chombo kinachofungwa na uilishe mashine ingali ya moto, kwa maana huanza kunywa unyevu wa hewa mara tu inapoachwa wazi.

Tuje kwenye urefu. Upo urefu ambao chini yake uzi hauwezi kubebeshwa mzigo wake wote, kwa kuwa utachomoka kabla ya kukatika. Unaupata hivi: zidisha nguvu ya uzi kwa kipenyo chake, kisha gawanya kwa mara mbili ya nguvu ya mshiko kati ya uzi na plastiki. Chukua katani yenye nguvu ya megapaskali 500, kipenyo cha milimita 0.2 na mshiko wa megapaskali 5: jibu ni milimita 10. Mshiko ukipanda hadi 10, urefu huo unashuka hadi milimita 5. Sasa jiulize vipande vyako vilitoka na urefu gani. Ekstruda huzisaga nyuzi, na si ajabu nyingi kubaki chini ya milimita 2. Ukitaka uhakika, yeyusha kipande kwa dikloromethani ndani ya kabati la kufyonza hewa, chuja nyuzi, uzipime kwa hadubini.

Ili zisisagike mno, usizitie mwanzoni pamoja na punje. Ziingize kwenye mdomo wa pembeni, mahali ambapo PLA imekwisha yeyuka. Punguza vipande vya kukandia kwenye skrubu, punguza kasi ya mzunguko, na panua mlango wa kuingilia kalibu. Joto lisipite digrii 190 bila sababu ya msingi; hemiselulosi, mojawapo ya vitu vinavyoufunga uzi pamoja, huanza kuungua karibu na digrii 200, na harufu ya sukari iliyoungua ikianza kutoka, ujue umekwisha chelewa.

Mawili ya mwisho. Linganisha mchanganyiko wako na PLA iliyopita njia ileile, mashine ileile na joto lilelile, usilinganishe na takwimu za kwenye mfuko. Pia pima ukakamavu, yaani jinsi kipande kinavyokataa kuvutika, usipime nguvu peke yake. Huenda ukakuta ukakamavu umepanda hata kama nguvu imeshuka, kwa sababu hupimwa kipande kikiwa kimevutika kidogo mno, kabla mshiko haujaanza kuachia. Ukikuta hivyo, nyuzi zako zinafanya kazi, ila zinaachia mapema.

SWALI: Niliambiwa nyuzi zioshwe kwa kostiki soda ili zishikamane na plastiki. Niliziloweka nyuzi za mgomba usiku kucha kwenye mmumunyo wa asilimia 10. Zimegeuka njano, zinakatika kwa kuvutwa kidogo, na PLA niliyochanganya nazo inavunjika kama biskuti. Niachane na kostiki? (Fundi wa karakana)

JIBU: Usiachane nayo. Umezidisha kipimo, na yawezekana hukusuuza vya kutosha.

Uzi wa mmea ni selulosi iliyofungwa pamoja kwa hemiselulosi, lignini na pektini, na juu yake una nta. PLA haiwezi kuushika vizuri uzi wenye nta, na hemiselulosi ndiyo inayovuta maji zaidi na kuungua mapema zaidi. Kostiki huondoa nta, pektini na sehemu ya hemiselulosi na lignini. Uso unabaki na mikwaruzo ya kukamatia plastiki, na fungu moja nene la uzi hupasuka kuwa nyuzi nyembamba kadhaa. Hapo kumbuka hesabu ya urefu tuliyompa mwanafunzi hapo juu: kipenyo kikipungua nusu, urefu unaohitajika nao hupungua nusu. Lakini ukizidisha nguvu ya dawa au muda, kostiki inaingia ndani ya selulosi yenyewe na kuuvuruga mpangilio wake. Mpangilio huo ndio nguvu ya uzi.

Anza na kipimo hiki. Kwa gramu 100 za nyuzi kavu, tengeneza lita 2 za mmumunyo wenye gramu 100 za kostiki, yaani asilimia 5. Tia kostiki ndani ya maji kidogo kidogo huku ukikoroga. Kamwe usimwage maji juu ya kostiki, yatachemka na kukurukia usoni. Vaa miwani ya kinga na glavu za mpira. Tumia ndoo ya plastiki au sufuria ya chuma kisichoshika kutu. Chombo cha alumini hakifai, kwani kostiki hukila na kutoa gesi ya haidrojeni, ambayo huwaka. Acha mmumunyo upoe hadi joto la kawaida, zamisha nyuzi zote, geuza kila baada ya dakika 20, toa baada ya saa mbili. Kwa nyuzi laini kama za mgomba jaribu pia fungu la asilimia 2 kwa saa moja, uvute uzi mmojammoja wa kila fungu ulinganishe.

Kusuuza ndiko kunakorukwa, nasi tunakusisitizia hapo. Suuza kwa maji safi mara kadhaa, zamisha dakika kumi kwenye asidi ya asetiki ya asilimia 1, kisha suuza tena mpaka karatasi ya kupimia pH ionyeshe 7. Usipime yale maji ya juu peke yake: kamua nyuzi na upime yanayotoka ndani. Minyororo ya PLA imeungwa kwa viungo vya esta, na alkali ni adui mkubwa wa viungo hivyo. Kostiki kidogo iliyobaki katikati ya fungu la uzi itaendelea kuikata PLA ndani ya mashine, na ndivyo tunavyokielewa kile kisa chako cha kuvunjikavunjika. Kausha kwanza kivulini, kisha kwenye oveni kama tulivyoeleza. Mmumunyo uliotumika usimwagwe kabla ya kuuzimua kwa asidi hadi karibu na pH 7.

SWALI: Baada ya kostiki, nitumie silani au PLA iliyopandikizwa maleiki anhidridi? (Mtafiti msaidizi)

JIBU: Zote mbili ni dawa za kuushikanisha uzi na plastiki. Kama unanunua PLA ikiwa tayari imepandikizwa, tumia ya maleiki. Ni rahisi: asilimia 3 hadi 5 ya uzito wa mchanganyiko wote huingia na punje nyingine, na kazi inafanyika ndani ya ekstruda. Maleiki hushikana na haidroksili za uzi (vikundi vya oksijeni na haidrojeni vilivyo usoni mwake), na mnyororo wa PLA uliounganishwa nayo hujisokota na PLA iliyobaki. Ukizidisha haileti faida, kwani minyororo yake ni mifupi kuliko ya PLA ya kawaida, nayo hulegeza mchanganyiko. Kuipandikiza mwenyewe kunahitaji peroksidi, na mvuke wa maleiki anhidridi unawasha macho na mapafu. Bila kifyonza hewa imara, usijaribu.

Silani inafaa pale unapotaka uzi usipende maji. Gramu 2 kwa kila gramu 100 za nyuzi, ndani ya ethanoli na maji, pH ishushwe hadi kati ya 4 na 5 kwa asidi ya asetiki (silani zenye amini hazihitaji kushushiwa), koroga saa moja, loweka nyuzi saa moja nyingine. Ziache nje ethanoli yote iruke kabla ya kuzitia kwenye oveni, maana mvuke wake ukikutana na waya wa moto utalipuka. Maliza kwa digrii 105 hadi 110 kwa saa moja; bila joto hilo silani haitajifunga sawasawa kwenye selulosi.

SWALI: Kati ya katani, juti, kitani, makumbi ya nazi na unga wa mbao, upi nichague? (Mjasiriamali wa vifungashio)

JIBU: Inategemea unataka nini kiongezeke. PLA ina ukakamavu wa gigapaskali 3.5 hivi, nguvu ya megapaskali 50 hadi 70, na hukatika ikiwa imevutika asilimia chache tu. Uzi unaoongeza ukakamavu ni ule unaoizidi PLA kwa mbali. Kitani kizuri hufika gigapaskali 50 na kupita. Juti na katani zina tofauti kubwa kati ya shamba na shamba, na hata kati ya ncha na shina la jani moja, lakini kuanzia gigapaskali 10 hadi 25 ni makadirio ya haki.

Makumbi ni habari nyingine. Yana lignini nyingi, selulosi kidogo, ukakamavu wa gigapaskali 4 hadi 6 tu na nguvu isiyofika nusu ya katani. Ukiyatia kwenye PLA kwa kutaka ukakamavu, hutaona tofauti ya maana. Ila hutanuka sana kabla ya kukatika, asilimia 15 na kuendelea, kwa hiyo yanasaidia kipande kisipasuke vipande viwili kikidondoka. Unga wa mbao hauna urefu wa kubeba mzigo. Hujaza, hupunguza PLA unayotumia, huongeza ukakamavu, na mara nyingi nguvu hushuka. Kwa trei au kasha lisilobeba uzito mkubwa, hilo halina ubaya.

Uzi wowote utakaouchagua, nunua fungu la kutosha mfululizo mzima wa majaribio, ulichanganye lote kwanza. Ukibadilisha fungu katikati ya kazi hutajua matokeo yamebadilika kwa dawa yako au kwa uzi.

SWALI: Sina ekstruda. Nina presi ya moto na mkeka wa juti. Naomba hatua za kutengeneza bamba la sentimita 20 kwa 20, unene milimita 3. (Mwalimu wa ufundi)

JIBU: Vizuri sana, na kwa maoni yetu hii ndiyo njia bora ya kuanzia, kwa sababu nyuzi hazisagwi na urefu wake unabaki ulivyo.

Ujazo wa bamba lako ni sentimita za ujazo 120. Tukichukua nyuzi asilimia 30 kwa uzito, densiti inakaribia 1.30, kwa hiyo bamba zima litakuwa na gramu 156: nyuzi gramu 47, PLA gramu 109. Gramu 47 katika eneo hilo ni mikeka minne yenye uzito wa gramu 290 hivi kwa mita ya mraba. PLA igawe iwe karatasi tano za unene wa milimita 0.44. Panga karatasi, mkeka, karatasi, mkeka, uanze na kumaliza kwa PLA. Ongeza PLA kidogo kufidia ile itakayochuruzika pembeni. Mikeka ikaushwe digrii 105 na karatasi za PLA zikaushwe kwa digrii 45 hadi 50, zisije zikashikana.

Weka karatasi ya teflon juu na chini, na fremu ya chuma ya milimita 3 kuzunguka. Pasha presi hadi digrii 180. Funga mpaka iguse tu, bila kukandamiza, dakika tano. Kisha kandamiza kidogo na ufungue, mara tatu au nne, ili mvuke na hewa vitoke. Hatua hiyo ukiiruka bamba litatoka na malengelenge. Sasa kandamiza kwa megapaskali 4 dakika nne. Kwa eneo lako hiyo ni kilonyutoni 160, sawa na tani 16, kwa hiyo hakikisha presi yako inaweza. Kama inafika tani 10 tu, punguza ukubwa wa bamba kuliko kupunguza mgandamizo.

Usifungue kukiwa na moto. Pitisha maji ya kupoza ndani ya sahani huku mgandamizo ukibaki palepale, mpaka bamba lishuke chini ya digrii 50. Ukifungua kwa digrii 100, nyuzi zilizobanwa zitajifungua, bamba litavimba na kupinda. Kata ukingo utazame katikati ya tabaka: uzi mkavu, wenye rangi yake ya asili na unaochanuka ukiukwaruza kwa ukucha, haukufikiwa na PLA. Ongeza dakika mbili za kupasha kabla ya kuongeza joto. Mkeka uliofumwa kwa kubana sana pia huzuia plastiki kupenya. Chagua wenye matundu yanayoonekana.

SWALI: Vikombe vyetu vya PLA na katani ni imara vikiwa baridi, lakini tukitia maji ya moto vinalegea na kulala upande. Tumeongeza katani hadi asilimia 30, bado. (Kikundi cha ubunifu)

JIBU: Kuongeza katani hakutawasaidia. PLA iliyopoa haraka ndani ya kalibu haijapata nafasi ya kujipanga kifuwele, na plastiki ya namna hiyo hulainika kati ya digrii 55 na 60. Nyuzi fupi zinazoelea ndani yake haziwezi kushikilia umbo peke yake.

Kinachohitajika ni kuigandisha kifuwele. PLA hufanya hivyo haraka zaidi kati ya digrii 100 na 110. Acheni kikombe ndani ya kalibu yenye joto hilo, au kipasheni kwenye oveni kikiwa kimevishwa kiini cha chuma kinacholingana nacho, dakika 20 hadi 60 kulingana na unene. Bila kiini kitapinda na kusinyaa. Nyuzi husaidia kidogo kwa kuwa vifuwele huanzia kwenye uso wake, lakini talki laini ya asilimia 1 hadi 2 hufanya kazi hiyo kwa kasi zaidi. Chagueni pia PLA yenye aina ya D (umbo la pili la asidi ya laktiki, linalovuruga mpangilio wa minyororo) kidogo iwezekanavyo. Ile yenye D nyingi haigandi kwa urahisi.

Hata hivyo tungewashauri mfikirie upya kazi yenyewe. Maji ya moto huingia kwenye nyuzi zilizochungulia usoni, uzi unavimba, plastiki inapasuka pembeni yake, na maji yanapata njia ya kwenda ndani zaidi. Jaribuni hivi: kausheni kikombe, mkipime uzito na unene, kikae majini saa 24, mkipime tena, kisha mkikaushe na mkipime mara ya tatu. Unene usiporudi ulipokuwa, nyufa zimekwisha fanyika. Tabaka jembamba la PLA tupu ndani ya kikombe hupunguza tatizo. Sahani kavu, vyungu vya miche na vibanio vina nafasi bora kuliko vikombe vya chai.

SWALI: Bidhaa yetu ni PLA na katani, vyote vya asili. Tunaweza kuandika "inaoza" juu yake? Tuliifukia ardhini na baada ya miezi kadhaa ilikuwa imepungua uzito asilimia 25. (Mjasiriamali)

JIBU: Kwa ushahidi huo, tunakuomba usiandike. Kama nyuzi ni asilimia 30 ya bidhaa, asilimia 25 iliyopungua yaweza kuwa karibu yote ni katani, huku PLA imebaki udongoni ikiwa na matundu. Nyuzi huoza udongoni kwa urahisi. PLA kwanza inapaswa kukatwakatwa na maji, na chini ya ile digrii 55 hadi 60 kazi hiyo huenda polepole mno. Kwenye mboji ya kiwandani inayoshikiliwa karibu na digrii 58 mambo ni tofauti kabisa, na huko nyuzi husaidia kwa kupeleka maji ndani.

Kiwango cha Ulaya EN 13432 kinadai mambo kadhaa kwa pamoja. Angalau asilimia 90 ya kaboni igeuke kuwa hewa ya kaboni dioksidi ndani ya miezi 6, ikilinganishwa na selulosi. Baada ya wiki 12 kwenye mboji, isizidi asilimia 10 ya uzito mkavu kubaki juu ya chekecheke la milimita 2. Metali nzito ziwe chini ya mipaka, na mboji inayopatikana isizuie mimea kukua. ISO 17088 ni kiwango cha kimataifa cha mwelekeo huohuo. Matokeo yanahusu unene uliopimwa. Filamu iliyofaulu haithibitishi bamba la milimita 3.

Hapa dawa zako za kushikanisha nazo zinahesabika. Kila kitu cha kikaboni kinachofika asilimia 1 kinatakiwa kuthibitishwa, na vile vilivyo chini ya hapo vikijumlishwa visizidi asilimia 5. Uzi wa asili usiobadilishwa kikemia hupita kirahisi, uliotiwa silani unaweza kuulizwa. Weka kumbukumbu ya vipimo vyote kuanzia siku ya kwanza.

Ukitaka kitu kinachooza kwenye udongo wa kawaida, tazama PHB (plastiki inayotengenezwa na bakteria) na ndugu zake, au wanga uliolainishwa kwa gliserini. PHB huyeyuka karibu na digrii 175 na huanza kuharibika juu kidogo tu ya hapo, kwa hiyo fanya kazi haraka na usiiache ikae ndani ya pipa la mashine. Wanga una kasoro ya kunywa maji na kulainika. Kwa vyungu vya miche vinavyozikwa pamoja na mche, tungeanza na hizo, wala si PLA.

SWALI: Naweza kutengeneza waya wa printa ya 3D wenye nyuzi za katani? (Msomaji)

JIBU: Nyuzi ndefu hapana, unga wa nyuzi ndiyo. Saga, pitisha kwenye chekecheke la maikromita 100, tia asilimia 5 hadi 15 kwa uzito. Pua ya milimita 0.4 huziba; tumia 0.6 au 0.8, na usiache printa ikiwa ya moto bila kusukuma waya, kwa maana katani iliyokaa ndani ya pua ya digrii 200 inageuka mkaa na kuifunga. Kausha waya kabla ya kila uchapaji kwa digrii 45 hadi 50, saa sita au zaidi. Ukisikia pua inatoa milio midogo ya kupasuka, simamisha: maji yamo, na tabaka unazoweka hazitashikana.